Video Iliyosafiri na Kamera Yake

Mtaalamu aliiona kamera kabla hajamwona mwenye nyumba. Ilikaa juu ya kabati la nguo, nyeusi, lenzi nene kama kikombe, na mate yakamjaa mdomoni.

Mjane, fundi cherehani, alikuwa amemwita kwa kazi ndogo: aunganishe vipande vya video ya marehemu mumewe, mpiga picha wa harusi, aviweke mtandaoni ili mama mkwe, mgonjwa aliye mbali, amwone mwanawe akicheka.

"Umefika kwa mwenyewe, mama," alisema Mtaalamu, akifungua kompyuta yake.

Programu ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Ilimgonga marehemu muhuri wa kampuni katikati ya paji la uso.

"Mume wangu amekuwa katoni ya sabuni?" mjane aliuliza.

Mtaalamu akaifuta haraka, akapakua nyingine, ya bure na isiyo na muhuri. Akakata, akaunga, akapunguza kelele za upepo. Haki yake apewe: kazi aliijua, ila alishachoka kuifanya kwa njia ya halali. Alipofika kwenye kitufe cha mwisho, alishusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya.

"Unaona hapa pameandikwa *Safirisha*? Video haitoki hivi hivi, mama. Inasafirishwa. Na haisafiri bila kamera iliyoizaa. Zikirudi, nakuletea."

Mjane aliacha sindano. "Kumbe. Mtoto mchanga na mama yake."

"Umenielewa."

"Na kompyuta iliyomlea?"

"Hiyo haisafiri."

"Basi ibaki hapa. Akirudi akute mtu nyumbani."

Mtaalamu alipima kichwani: kompyuta kuukuu kwa kamera ya maana. Akakubali kabla huruma haijamwingia. Akachagua MP4, ubora wa 1080, isije ikawa nzito ikakwama njiani, akaipandisha mtandaoni.

Baada ya muda simu ya mjane iliita. Mama mkwe alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Mwanangu alikuwa amenenepa hivi? Ulikuwa unamlisha nini?"

Mjane aligeukia dirisha. Mtaalamu akaitumia nafasi hiyo kuaga, kamera kwapani.

Kesho yake alirudi, shati limelowa jasho.

"Mama, kamera haiwaki. Fundi wa kamera ameifungua, ndani kutu tupu."

"Marehemu aliteleza nayo kwenye bwawa, harusini. Watu walicheka mpaka wakawasahau maharusi. Tuliokoa kadi ya video tu."

"Sasa naomba kompyuta yangu."

"Video imerudi?"

Kusema kwamba video haisafiri popote ilikuwa ni kujiita mwizi kwa kinywa chake mwenyewe.

"Bado," alisema Mtaalamu kwa sauti ndogo.

"Basi tuisubiri, mwanangu." Mjane akamsogezea kiti, akabonyeza kompyuta, na marehemu akaanza kucheka.