Sungura Chumbani mwa Simbilisi

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa Jengo ametangaza leo: kabla mwezi haujaisha atateua msimamizi mmoja wa vyumba vyote vya wanyama wa maabara. Wagombea ni wawili. Mimi, mlezi wa simbilisi ishirini na wanne, wanyama wa mviringo, hawana mkia wala kero. Na jirani yangu wa chumba cha sungura, tunayemwita Kamusi kwa sababu ukimuuliza neno moja anakupa maana tatu. Mimi nina miaka tisa hapa. Yeye minne! Eti anasifiwa kwa daftari safi. Safi kwa sababu hana la kuandika.
Shangazi, simbilisi wangu mkubwa kuliko wote, alipiga mluzi nilipoingia na nyasi. Kura yake ninayo.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata wazo. Limenijia nikinawa mikono, kwa hiyo ni wazo safi.
Sungura mmoja wa Kamusi atapotea. Kamusi atachanganyikiwa. Halafu nitampata huyo sungura mimi, mbele ya Mkuu. Nani atamnyima cheo mtu kama huyo?
Wakati wa chai, Kamusi alipotoka, nikamchukua Malkia: jike jeupe, zito kuliko linavyoonekana. Sasa yuko chumbani kwangu, kizimba cha chini kabisa, nyuma ya magunia ya nyasi. Nimefunga madirisha na kuzima feni ili hewa isipeleke harufu yake nje. Amepiga chafya mbili. Vinginevyo ni mzima kabisa, anakula kama aliyetoka kifungoni.

Jumatano, 5 Machi
Kamusi amegundua asubuhi, hata kabla hajavaa glavu. Hakulia. Hakupiga kelele. Alijaza fomu!
Nikajitolea kuongoza msako. Nimetafuta hadi ndani ya ndoo ya sabuni. Kamusi akanishukuru, akasema hakujua kuwa nina roho nzuri hivi. Sentensi hiyo imenikaa vibaya kifuani.
Tatizo jingine: Mkuu amesafiri, harudi hadi Jumatano ijayo. Kumpata sungura bila Mkuu kushuhudia ni kazi bure. Malkia itabidi asubiri.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu ameona nywele nyeupe kwenye sweta yangu. Akauliza za nani. Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni za Malkia. Kosa! Akauliza huyo Malkia ana umri gani hata awe na mvi. Nikasema miaka miwili. Hajanisemesha tena tangu hapo.

Jumamosi, 8 Machi
Chumba kinanuka mkojo hadi macho yananitoka machozi. Siwezi kubadilisha maranda vizimbani: mzoa taka angeona vinyesi vya sungura kwenye taka za simbilisi, na yule bwana hana siri. Feni siwezi kuwasha. Madirisha siwezi kufungua. Mipango mikubwa ina harufu yake.

Jumatatu, 10 Machi
Shangazi hakupiga mluzi.
Nimetikisa nyasi mara tatu. Kimya. Amejikunyata pembeni, manyoya yamemsimama, pua inatoka makamasi mazito. Wengine sita wanapiga chafya. Kofia, yule mwenye baka jeusi kichwani, anapumua kwa tumbo, na kila pumzi inakwaruza. Hajagusa chakula. Nimejiambia ni mafua ya kupita.
Malkia ni mzima kabisa. Ameomba karoti ya pili.

Jumanne, 11 Machi
Kofia amekufa. Nilimkuta asubuhi, mdogo kuliko jana. Nikageuza ndoo, nikaikalia. Nilikaa sana.
Kisha nikakumbuka vidonge vya penisilini vilivyobaki nilipougua kifua mwaka jana. Nilikuwa navisaga kwa kijiko Kamusi alipoingia kuazima brashi. Akavitazama vidonge, akawatazama wanyama, akanipokonya kijiko.
“Ukiwapa hiyo,” akasema, “nimonia haitapata hata nafasi ya kuwaua. Dawa hiyo inavuruga matumbo yao. Kaa hapo, usiguse kitu.”
Akasimama palepale mlangoni akampigia simu daktari wa mifugo. Hakuondoka hadi tulipofunga milango ya jengo. Sikupata hata dakika moja ya kumhamisha Malkia.

Jumatano, 12 Machi
Siku ya aibu. Naandika kwa ufupi. Hapana, kwa ufupi haiwezekani.
Daktari wa mifugo ni mama mfupi asiyepandisha sauti. Amempasua Kofia mbele yetu. Akasema pafu la mnyama mzima ni jepesi kama sponji, ukilitia majini linaelea. La Kofia lilikuwa jekundu lililokolea, gumu kama ini. Akakata kipande, akakitia kwenye glasi ya maji. Kikazama.
Akaeleza jinsi inavyokuwa. Bakteria huingia puani, wakajishikiza kwenye njia ya hewa. Humo mna vinywele vidogo mno, kazi yake ni kufagia uchafu kuurudisha juu. Bakteria hawa huvilemaza. Mvuke wa mkojo nao huviunguza, na hapo akanitazama. Ufagio ukishasimama, bakteria hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa. Mwili hutuma askari wake, chembe nyeupe za damu. Vita vinapiganwa humohumo: vifuko vinajaa majimaji na usaha, hewa inakosa pa kuingia. Mnyama anazama akiwa nchi kavu.
Sikuweza kuangalia ile glasi.
Akauliza kama kuna sungura aliyewahi kukaa karibu na hawa. Sungura wengi, akasema, hubeba bakteria huyu puani bila kuumwa chochote, lakini kwa simbilisi ni balaa. Ndiyo maana hawawekwi chumba kimoja. Nikasema kamwe! Sungura? Hapa?
Nyuma ya magunia, Malkia akapiga chafya.
Nikasema ni mimi. Akapiga nyingine, nami nimefumba mdomo.
Mkuu alikuwa ameshafika mlangoni, begi la safari mkononi. Kwa hiyo sungura amepatikana mbele ya Mkuu, kama nilivyopanga.

Jumapili, 16 Machi
Wamekufa watano kwa jumla. Majaribio ya chanjo yaliyokuwa yakifanywa kwa simbilisi hawa yamesimamishwa. Nimeandikiwa barua ya onyo, ndefu, na sentensi zote ni za kweli.
Kutwa nzima nawalisha wagonjwa uji wa nyasi kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Dawa sahihi asubuhi na jioni, na matone ya vitamini C. Madirisha wazi, maranda mapya kila siku. Kamusi amekuja siku yake ya mapumziko kunisaidia. Hajanisema hata neno. Afadhali angenitukana.
Saa kumi hivi, nikifungua mfuko wa nyasi, nikasikia mluzi. Dhaifu, kama wa birika linaloanza kuchemka. Shangazi! Nikageukia ukutani ili Kamusi asinione uso. Nadhani aliniona.

Ijumaa, 28 Machi
Kamusi ameteuliwa. Nilipiga makofi kuliko wote. Nikaapa mbele ya Mkuu, Daktari na mzoa taka kwamba sitaingiza tena sungura katika chumba cha simbilisi maisha yangu yote. Daktari akasema anatumaini nimejifunza. Nikamwambia nimejifunza mengi sana, Mama.

Jumatatu, 31 Machi
Kesho wanakuja wageni kukagua jengo, na chumba changu kina vizimba vitano vitupu. Kinaonekana kama mdomo wa kibogoyo. Wataniuliza.
Lakini jana wameletwa simbilisi wapya watano, wanene, wa kupendeza. Kamusi amewafungia chumba cha karantini, eti wiki mbili, eti uangalizi. Wiki mbili! Madaraka yamempanda kichwani.
Mimi niliapa kuhusu sungura. Hawa si sungura.
Nitawaazima saa moja tu, wageni wakiondoka nawarudisha. Nimewachungulia kwenye kioo cha mlango. Wana afya. Pua zao zimelowa kidogo, lakini hiyo bila shaka ni furaha ya kunijua.