Kichwa Kinachokubali Kila Kitu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya, kalamu mpya, na vidole vimeshaanza kuuma kabla ya mstari wa pili. Naandika kwa amri. Mwalimu wa chuo cha jioni alitazama zoezi langu la kwanza, akaligeuza juu chini, akaniuliza kwa upole kama nililiandika ndani ya gari linalopita kwenye mashimo. Darasa likaangua kicheko. Akasema huo si mwandiko, ni kuku ameparura. Na kwa kuwa mtihani ni wa kalamu na karatasi, niandike ukurasa mmoja kila siku nyumbani. Chochote. Yeye hatausoma.

Hatausoma! Basi nitasema yote.

Mimi ni mtaalamu wa kompyuta. Naunda programu, nalipwa kwa kuunda programu, na sasa nimesajiliwa kusomea Misingi ya Kompyuta. Mimi! Leo tumechora kipanya na kutaja sehemu zake. Changu kilitoka na masikio. Yote haya ni ya Bosi, aliyezuka na sheria kwamba mkuu wa idara lazima awe na cheti. Kiti cha mkuu kiko wazi. Kinazunguka, na kina mahali pa kuegemeza shingo. Nimekijaribu wakati wa chakula cha mchana, tumependana. Mwingine anayekimezea mate ni Miwani, jirani yangu wa meza. Yeye cheti anacho. Amekitundika ukutani na kila asubuhi hukipangusa vumbi. Hakina vumbi! Bosi amesema atasubiri mtihani wangu wa mwisho wa Aprili ndipo aamue.

Halafu pigo. Katikati ya kipindi mlango ukafunguliwa, akaingia mwanafunzi mpya. Mama mkwe! Mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyenyoosha watoro wa mji mzima. Nikaruka wima, nikampa shikamoo. Darasa likadhani ni mkaguzi, nalo likasimama. Akaitikia marahaba, akatangaza kwamba mimi ni mkwe wake na bingwa wa kompyuta, kisha akaketi nyuma yangu kabisa. Kipanya changu chenye masikio alikiona.

Jumanne, 4 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu ni nyingi.

Vipindi vya Jumanne ni vya video. Kila mtu kwake, sura kwenye skrini, mwalimu anazungumza mpaka mbu wanalala. Nikajiuliza: kwa nini nihudhurie mwili mzima wakati kinachotakiwa ni uso? Nikavaa shati la bluu. Nikajirekodi nikitazama kamera kwa kiu ya elimu na kuitikia kwa kichwa. Polepole. Kwa heshima. Mara moja moja nakunja uso kama mtu aliyeguswa na hoja. Kisha nikaifanya video ijirudie yenyewe, nikaielekeza darasani badala ya kamera.

Saa kumi na mbili jioni shati la bluu likaingia darasani. Mimi nikaingia jikoni, nikakaanga mayai. Baadaye nikatazama mpira. Mke wangu alipita, akanitazama mimi, akatazama kompyuta, akasema ipo siku. Nikamwambia asiogope, hii ndiyo teknolojia.

Jumatano, 5 Machi

Nimechaguliwa kiranja.

Kumbe jana mwalimu aliuliza nani yuko tayari. Wote kimya, kichwa changu kikakubali. Akauliza kama nitawahi darasani kila Alhamisi kupanga viti na kufuta ubao. Kikakubali. Akasema hajapata kuona mwanafunzi msikivu kiasi hiki.

Hilo ningelimeza. Lakini mchana mke wangu akanipigia simu kazini, sauti nyembamba. Akauliza tangu lini maamuzi ya nyumba yetu yanapitishwa darasani bila yeye. Nikauliza maamuzi gani. Akasema mama yake amempigia kunishukuru. Jana, mbele ya wanafunzi wote, mama aliomba ahamie kwetu hadi mtihani, ili tusome pamoja. Nami nikakubali kwa moyo mkunjufu, tena mara nyingi.

Loo! Nikabaki nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Miwani akauliza kama naumwa. Nikamwambia ni furaha.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe yuko hapa tangu Alhamisi. Amekuja na sanduku moja na kengele. Kengele ya shule! Ya shaba! Alipewa siku ya kustaafu. Anaigonga alfajiri mlangoni kwetu, tunaamka na majirani. Mke wangu anaamka akiwa amenikasirikia mimi, si kengele.

Ratiba ni hii: kabla ya chai, mwandiko. Nampelekea ukurasa mmoja, naye anausahihisha kwa kalamu nyekundu. Mkwe unamwambia nini? Huwezi kumbishia, huwezi hata kupiga miayo mbele yake. Siku ya kwanza vidole vilikakamaa mpaka nikashindwa kushika kikombe. Nikaona hapana, huku ni kuuana.

Kompyuta ina herufi zinazofanana na mwandiko wa mtu. Nzuri, zimelala kidogo kulia, utadhani za karani wa mahakama. Nikachapa ukurasa, nikaupitishia maji kidogo pembeni uonekane umetoka jasho. Mama akavaa miwani. Akasoma. Kisha akasema mwanangu, umenifanya nione sikupoteza maisha yangu kufundisha. Akafuta chozi!

Nilijisikia vibaya, kusema kweli. Nikanywa chai, ikapita.

Jumanne, 11 Machi

Siku za mwizi ni arobaini, zangu hazikufika hata kumi.

Niliamini mama atafuatilia kipindi chumbani kwake. Shati la bluu likaenda darasani, mimi nikajitupa kwenye kochi la sebuleni na fulana yenye tundu, mdomo wazi. Nadhani nilikoroma. Chumbani mtandao ukamsumbua. Akabeba simu yake akaja sebuleni.

Nikafumbua jicho moja. Mama amesimama juu yangu. Mkononi, kwenye skrini, mimi, nadhifu, naitikia kwa kichwa. Kwenye kochi, mimi, na mate shavuni. Akatazama wa juu. Akatazama wa chini. Akarudia. Nikasema shikamoo mama. Sijui kwa nini, tulikwisha kusalimiana asubuhi.

Akazima simu. Akaketi. Nikangoja kengele inidondokee kichwani. Badala yake akaanza kusema taratibu, macho dirishani. Alisema miaka yake yote ya kazi alikamata watoro. Chini ya madaraja, juu ya mapaa, ndani ya pipa mara moja. Na kila aliyemkamata alikuwa na uso wa raha ambao yeye hakuwahi kuupata, kwa sababu tangu utoto hakukosa shule hata siku aliyokuwa na homa. Akasema amezeeka bila kutoroka popote.

Kisha akanigeukia akasema nimtengenezee na yeye. Jumanne ijayo. Na asitoke na kitambaa hiki cha kichwa, ana kingine kizuri zaidi.

Nilimpenda mama mkwe leo. Nasema wazi.

Jumanne, 18 Machi

Tumemrekodi mchana. Ana kipaji! Anaitikia kwa kichwa, anatabasamu, mara anaandika kitu hewani. Mimi na shati la bluu tulionekana wanagenzi mbele yake.

Saa kumi na mbili akatoka nyumbani kwa mlango wa nyuma, ingawa wa mbele ulikuwa wazi. Alisema mtoro hatoki kwa mlango wa mbele. Akarudi giza limeingia, amekula aiskrimu, ana doa lake begani, amebembea kwenye bembea za watoto uwanjani hadi mlinzi akamwomba ashuke. Alicheka mpaka akakaa chini jikoni. Mke wangu akauliza kuna nini. Tukajifanya hamnazo, mimi na mkwe wangu, bega kwa bega.

Jumatano, 19 Machi

Balaa. Balaa tupu.

Asubuhi simu yangu ililia mfululizo. Wanafunzi wenzangu. Matusi, mengine mapya kwangu. Jana mwalimu alisema ukumbi wa mitihani hautapatikana mwisho wa Aprili. Akauliza kama kuna walio tayari kufanya mtihani Jumamosi hii. Wote wakainamisha vichwa, isipokuwa wawili waliokubali kwa shangwe, mmoja akitabasamu. Mwalimu alisema ametiwa moyo na kiranja na mama yetu. Jumamosi hii! Keshokutwa ya kesho!

Nikamkimbilia mama. Akafikiri kidogo. Akasema yeye kitabu amekwisha kukisoma mara mbili, kwa hiyo hana neno, na kwa mwandiko wangu wa siku hizi mimi nina wasiwasi gani?

Nikasema sina, mama.

Jumamosi, 22 Machi

Nimetoka kwenye mtihani. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefariki.

Maswali yalikuwa mepesi. Majibu yote nilikuwa nayo kichwani, yanasukumana mlangoni. Lakini kalamu! Nilikosea neno la kwanza, kidole kikaenda chenyewe kwenye kona ya meza kutafuta kitufe cha kufuta. Nikagonga meza. Nikagonga tena. Msimamizi akanionya nisiwape wenzangu ishara. Nikafuta kwa mate, karatasi ikatoboka, jibu la swali la pili likaonekana kupitia la kwanza. Swali la mwisho: chora kipanya. Mungu wangu, kimetoka na masikio tena, na safari hii kina mkia unaoishia kwa jirani.

Mbele yangu mama alikuwa anaandika kama anapiga pasi. Alimaliza mapema, akakunja mikono, akanigeukia na kuniitikia kwa kichwa kunipa moyo. Nilikaribia kulia.

Alhamisi, 27 Machi

Matokeo. Mama wa kwanza, daraja la juu. Mimi hapana. Mwalimu hakuandika kwamba nimekosea. Ameandika kwamba walimu watatu wamekaa na karatasi yangu, mmoja na kioo cha kukuzia, na wamekubaliana kwamba kinachosomeka ni maswali tu. Nirudie muhula ujao.

Mama akaomba zile kurasa zangu nzuri azipeleke chuoni kukata rufaa. Nikaona maji yamezidi unga, nikamweleza. Hakugomba. Alikaa nazo mapajani, akazipanga vizuri, akasema basi lile chozi lake nimrudishie. Afadhali angegonga kengele kichwani mwangu. Amefunga sanduku, anaondoka kesho. Niliona aibu, na kufikia jioni nilikuwa bado naiona.

Kiti kimekwenda. Kile kinachozunguka. Miwani leo alikuwa anapima ukuta wa ofisi ya mkuu, aone cheti kitakaa wapi. Mke wangu alisema akili nyingi huondoa maarifa, na mimi nijifunze. Nikamwambia nimejifunza. Nimekwisha kujifunza! Kosa lilikuwa moja tu, dogo, na nimelipata. Kichwa kilikuwa kinakubali.

Jumatatu, 31 Machi

Leo ulikuwa mkutano wa idara, kwa video, Bosi mwenyewe anaongoza. Nani asiyejua ajenda? Kumtawaza Miwani. Nitazame hayo nikiwa hai? Ng'o!

Jana nilirekodi upya. Shati lilelile la bluu, ila sasa natikisa kichwa kukataa. Polepole. Kwa uchungu wa mtu aliyeonewa. Hapa hakuna wa kunipa ukiranja, hakuna wa kuhamia kwangu, na Miwani atatawazwa huku nikimkataa mwanzo mpaka mwisho. Mbinu isiyo na tundu. Shati la bluu likaingia mkutanoni, mimi nikaenda kunyoa ndevu.

Sikumaliza hata shavu moja, Miwani akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya ajabu, karibu ya upendo. Akasema hatasahau maisha yake yote nilichomfanyia.

Nikauliza nini.

Akanieleza. Bosi alifungua mkutano kwa kusema amefikiri sana. Cheti ni karatasi, alisema. Mtu mwenyewe anamjua kwa kazi zake, na anayezibeba kazi za idara hii ni mimi. Cheti nitakimalizia nikiwa kitini. Kisha akaniuliza mbele ya wote: kiti ni chako, unakitaka? Nikatikisa kichwa. Bosi akadhani ni unyenyekevu, akauliza mara ya pili. Nikatikisa, tena kwa uchungu. Akanisihi. Wenzangu wakanisihi. Hata Miwani, kwa aibu, akanisihi. Mimi kataa, kataa, kataa. Bosi akasema hajapata kuona mtu mwenye msimamo namna hii, akampa Miwani, watu wakapiga makofi.

Nimekaa ukingoni mwa beseni, povu limekauka shavuni. Nimelia kidogo. Mke wangu amekuja, amesikia habari yote, amesimama mlangoni, amesema sikio la kufa halisikii dawa. Akaenda kumpigia mama yake. Nawasikia wanacheka, wote wawili, na mama anacheka zaidi. Angalau nimemrudishia kitu.

Nimekaa nikawaza kwa utulivu, kitaalamu, hatua kwa hatua. Kukubali kumeniponza. Kukataa kumeniponza. Basi tatizo liko wazi, sijui kwa nini sikuliona mapema: ni kichwa.

Kesho kuna mkutano mwingine, wa kwanza wa Miwani. Nimekwisha kupiga pasi shati la bluu. Safari hii kichwa kitatulia kabisa. Narekodi mabega tu, yanapanda na kushuka.