Vyumba Vinane vya Alfredi

Jumamosi asubuhi redio ya Kasiani ilikohoa mara mbili, ikataja Saba Saba, na kwa kuitaja tu ikawa imemchimbia Alfredi fundi cherehani shimo la kina cha miaka kumi na moja.

"Mnasikia?" Kasiani akaongeza sauti. "Jumatatu sikukuu. Daktari wa redioni anasema hii ndiyo wikiendi ndefu, watu na akili zao wameshafunga mabegi wanakwenda kupumzika. Usipopumzika, moyo unastaafu kabla yako."

Kijiwe chenyewe kipo Mkomaindo, Masasi, benchi mbili na jiko la kahawa la Mama Huruma. Kwa kuwa hospitali haiko mbali, wenyewe wamekiita Wodi ya Nje. Wagonjwa wake hawapewi dawa wala hawaruhusiwi kurudi nyumbani.

"Sisi tupumzike na nini?" aliuliza Nikolao wa bodaboda, Mmakua anayeitwa Breki kwa sababu pikipiki yake haina. "Toka saa moja tumekaa."

"Kukaa siyo kazi?" alisema Kasiani. "Hebu niguse kiuno hapa."

"Sigusi kiuno cha mtu mie."

Mwalimu Cyril, mstaafu, alivua miwani, ishara kwamba hoja imeingia mezani. "Kasiani yuko sahihi. Mtu aliyekaa Masasi mwaka mzima anapaswa akakae mahali pengine siku tatu, ndipo arudi akae vizuri."

"Basi twende leo leo!" Nikolao akasimama. "Newala! Tukaote moto, tukaangalie bonde la Ruvuma kwa juu, Jumatatu jioni tunateremka."

"Tulale wapi, gesti?"

"Gesti ya nini, na Diwani tunaye?"

Macho yote yakamgeukia Alfredi, na kahawa ikamwagikia goti lake.

Alfredi hajawahi kufika Newala. Kazaliwa Lisekese, hapa hapa Masasi, kakulia Lisekese, na kila aliposafiri alielekea upande wa Ndanda. Ila miaka kumi na moja iliyopita alivaa sweta la mtumba saa saba mchana, kijiwe kikamcheka, naye kwa aibu akajibu, "Mazoea tu, kwetu Newala baridi." Sweta likazaa kwao. Kwao kukazaa nyumba. Nyumba ilianza na vyumba viwili, ikawa inaongezeka kila masika, na sasa ina vyumba vinane na choo cha ndani. Kwa nyumba hiyo alipewa cheo cha Diwani na kiti pekee cha kijiweni chenye mgongo. Watu wakigombana, yeye ndiye msuluhishi, maana mwenye vyumba vinane atamwonea nani wivu? Nyumba ikianguka, anarudi kuwa fundi wa viraka anayekalia ndoo.

"Karibuni sana," alisema, huku akipangusa goti. "Ila mwezi wa saba kule mnaujua? Baridi ile si ya mchezo. Mwaka juzi jogoo aliwika, sauti ikaganda, tukaisikia saa nne jua lilipotoka."

"Mablanketi yapo," alisema Kasiani.

"Na huu ndio msimu wa kupuliza mikorosho. Mji mzima unanuka salfa. Mtu anapumua anatoka njano."

"Mie mapafu yangu yameshazoea moshi wa pikipiki," alisema Nikolao. "Salfa itakuwa kama marashi. Lingine?"

Alfredi aliweka kikombe chini. "Vyumba. Nisiwafiche ndugu zangu, vyote vinane vimejaa magunia ya korosho."

Mwalimu Cyril akavaa miwani tena. "Bwana Alfredi. Mikorosho ndiyo kwanza inapuliziwa dawa. Hizo korosho zimetoka wapi?"

"Ni... za mbegu, Mwalimu."

"Vyumba vinane vya mbegu? Unataka kuipanda Afrika?"

Kijiwe kikaangua kicheko. Mama Huruma, aliyekuwa anakata kashata, akainua kisu kumkinga Alfredi. "Mwacheni Baba Emilia. Magunia yanalaliwa. Mimi nimelea watoto wanne juu ya magunia, na wote wamenyooka. Na mimi nakuja, hamniachi na jiko hapa. Anayebeba sufuria ni nani?"

Hapo mipango ikaanza rasmi, na ilipoanza rasmi ikaanza kufa. Mwalimu Cyril alitaka kwanza wachague mwenyekiti wa mapumziko. Kasiani alikataa kwenda bila redio, Nikolao akakataa kwenda na redio. Ukazuka ubishi kama kupumzika kunaanza mtu akipanda gari au akishuka. Kasiani akasema kunaanza akirudi. Saa mbili zikapita. Kitu pekee kilichokwisha kupatikana ni chumvi, nusu kikombe, na hiyo nayo walikuwa wanabishania itafungwa kwenye nini.

Alfredi alianza kupumua vizuri. Alikijua kijiwe chake, kisingeweza kuhamisha hata benchi kutoka juani. Lakini Nikolao akapiga simu, akasema, "Eliakimu dereva ana lori lake la Kenta, halina mzigo. Anasema tukiwa tayari tumwite."

Na hapo Alfredi akafanya kosa ambalo mtu wa kusini hasamehewi. Akainamisha kichwa, akashika paji la uso.

"Jamani, nilikuwa najikaza tu. Safari haiwezekani. Baba mdogo amefariki. Nimepigiwa simu alfajiri. Nyumba yote ina matanga."

Alitegemea waseme pole, wakae, waagize kahawa nyingine.

Nikolao alirusha kikombe. "Mtani! Umefiwa toka alfajiri, na unakunywa kahawa unatuhadithia majogoo?" Wamakua na Wamakonde wa Newala ni watani, na mtani haalikwi msibani, msiba ni wake kuliko wa mfiwa. "Leo utanitambua! Huyo marehemu nisipomtania mimi, nani atamtania? Eliakimu! Leta gari, msiba!"

Mama Huruma alimwaga kahawa yote juu ya makaa, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akaingia uchochoroni na kilio kimoja kirefu. Kutoka kila mlango mwanamke alitoka na kitu: sufuria, mchele, mkeka, mihogo, jogoo hai. Hakuna aliyeuliza aliyekufa ni nani. Mwalimu Cyril alishaandika orodha ya wasemaji makaburini, na alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Kasiani alizima redio kwa heshima ya marehemu, jambo ambalo kwenye uhai wa Kasiani halijawahi kutokea. Dakika ishirini, Kenta imejaa watu arobaini.

Alfredi aliona hakuna njia isipokuwa moja, chungu. Alipanda juu ya kiti chake chenye mgongo.

"Ndugu zangu! Nimedanganya! Sina baba mdogo!"

Mama Huruma alimtazama, machozi yakamtoka. "Ndiyo, Baba Emilia. Huna tena."

"Sikiliza, mama! Hakuna aliyekufa!"

"Wote wanasema hivyo siku ya kwanza," alinong'ona Mwalimu Cyril. "Mpepeeni."

Wakampepea.

"Sina nyumba Newala! Sijawahi hata kufika! Mimi mtu wa Lisekese!"

Kasiani akatingisha kichwa taratibu. "Yule mzee alimpenda sana huyu. Tazama, amesahau mpaka kwao."

"Akiendelea hivi tutamfunga kamba," alisema Nikolao, akamkumbatia kwa nguvu zote za utani. "Mtani, lia. Usijitukane, lia tu. Ukishindwa, mie nitakulilia kwa masharti."

Mke wa Alfredi, mtu pekee ambaye angemsaidia kusema kweli, alikuwa Ndanda akimuuguza dada yake. Wakamwinua Alfredi juujuu, wakamketisha mbele karibu na dereva kama anavyostahili mfiwa, Mama Huruma akambana upande wa pili asije akajirusha kwa uchungu.

Gari likapanda mlima, hewa ikabadilika, baridi ikaanza kuingia dirishani. *Kumbe kweli kuna baridi*, aliwaza Alfredi, akashangaa, maana ile aliitunga mwenyewe. Nyuma walikuwa wameshashika wimbo wa pili, wa kumpa pole Alfredi wa Masasi. Nikolao alikuwa anatoa madai yake ya utani kwa sauti: jogoo ni wake, na jeneza halitaguswa mpaka apewe mguu wa mbuzi.

Eliakimu alipunguza mwendo, mji ukaanza kujitokeza kwenye ukungu. Akasimama penye njia panda.

"Pole, kaka. Tushike njia ipi?"

Alfredi aliutazama mji alioujenga kwa mdomo miaka kumi na moja, asione hata ukuta mmoja anaoujua. Nyuma, arobaini walinyamaza ili wamsikie. Akanyoosha kidole kwenye nyumba ya kwanza kubwa aliyoiona, ya bati jekundu, na uani mtu mnene aliyevaa koti zito alikuwa anamenya muhogo peke yake.

"Pale."

Kabla gari halijasimama sawasawa, akina mama walishashuka. Kilio kikapasua ukungu. Nikolao aliingia uani anagaagaa kwenye vumbi, akidai kufukuliwa kwa kitu ambacho hakijazikwa. Mwalimu Cyril alikuwa anakohoa kutayarisha hotuba. Mwenye nyumba alisimama, muhogo mkononi, kisu mkono wa pili, mdomo wazi.

Alfredi alishuka wa mwisho. Alijua sasa mtu huyu atauliza swali moja tu, *ninyi ni akina nani*, na nyumba, cheo, kiti, vyote vitaanguka uani hapa mbele ya arobaini.

Mwenye nyumba alitazama kushoto, watu wanalia. Akatazama kulia, watu wanalia zaidi. Mdomo wake ukaanza kutetemeka. Muhogo na kisu vikaanguka. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akaangua kilio kilichowazidi wote, maana watu arobaini hawawezi kupanda mlima kwa makosa.

Baadaye kidogo alimkumbatia Alfredi, akamuuliza sikioni, kwa kwikwi, "Ndugu yangu... lakini ni nani?"

Nikolao aliacha kugaagaa ili asikie. Mama Huruma pia.

"Baba mdogo," alisema Alfredi.

"Baba mdogo!" Mwenye nyumba alirudi nyuma hatua mbili, akaikabili hadhara yote na kuinua mikono. "Jamani! Jamani! Na juzi tu nilikuwa naye hapa hapa, mzima, anacheka, ananiambia habari za Alfredi wa Masasi!"

Jina hilo mwenye nyumba alikuwa amelisikia dakika tano zilizopita, likiimbwa garini.

Alfredi alimtazama mtu huyo usoni kwa muda mrefu, kisha akamwangukia kifuani akalia machozi ya kweli. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amefika kwao.