Malalamiko Kuhusu Kaya Arobaini Zenye Furaha

Bweni la Wanafunzi,
Kampala.
9 Agosti 1975

Kwa Mama Mdogo Hortense, muuza vitenge, Kisenyi.

Mama mdogo mheshimiwa,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima. Nina uchungu wa kitaaluma. Kama ujuavyo, nasoma sosholojia, yaani elimu ya jamii, nayo haisomeki bila jamii kujibu maswali. Wewe umeniharibia jamii.

1. Nilipofika mtaani kwenu na daftari, miwani myeusi (kwa ajili ya vumbi) na Kiswahili changu safi, milango yote ilifungwa. Mzee mmoja aliniita afande, akanipa kuku. Nakiri, kuku nilimla. Ndipo ukapita nyumba hadi nyumba ukisema: "Fungueni, huyu ni Barnabé wa dada yangu. Si mmoja wa wale wanaokuja usiku. Anasoma tu, mwoneeni huruma." Heshima ya mtafiti ikaishia hapo.

2. Nimegundua kwamba jioni ile uliwakusanya bombani ukawafundisha majibu. Kaya arobaini zimejibu kitu kimoja: sukari ipo, sabuni ipo, usiku tunalala vizuri. Nilipomuuliza Mama Aloyo sukari ameinunua wapi, alikutazama wewe kwanza, kisha akasema: "Ipo nyingi mpaka meno yanauma."

3. Kamis wa gereji, ambaye ndugu yake hajaonekana tangu Februari, ameniandikisha hivi: "Jamaa wote wapo, wazima." Nilimkumbusha kwamba sayansi inahitaji ukweli. Aliniuliza kama nimekula.

4. Mhadhiri wangu alizisoma fomu za majibu yao akacheka. Kisha akaacha kucheka, akanirudishia bila alama.

Kwa hiyo naomba Jumamosi ijayo uwapange foleni upya. Kila mtu aseme ukweli, kwa wino, kwa jina kamili na namba ya nyumba, nami nitaubandika kwenye ubao wa idara.

Wasalimie wote arobaini, ingawa kitakwimu ni mtu mmoja.

Mwanao katika elimu,
Barnabé Katembo

N.B. Kabla sijafunga bahasha, wanaume wawili wenye miwani myeusi kama yangu wameingia chumbani wakataka fomu. Wamezisoma zote, mmoja akifuata mistari kwa kidole, wakazirudisha. Wakaniuliza: "Na wewe, una malalamiko yoyote?" Nikajibu sina hata moja. Barua hii nilikuwa nimeikalia. Nakuletea mwenyewe mkononi; uisome, kisha uitie kwenye makaa ya sigiri, iungue. Jumamosi usimwite mtu. Nitakuja peke yangu, unifundishe.