Video ya Marehemu Haifunguki

Jumatatu, 4 Machi
Mshonaji wa ghorofa ya chini amekuja studio kwangu. Amemzika mama yake juzi. Anataka ile video niliyompiga mama mwezi uliopita, ndugu zake waitazame pamoja Jumamosi. Nimemwambia iko tayari, imebaki kupigwa pasi tu. Uongo! Hata sijaigusa.

Akasimama kidogo mlangoni. Akasema siku ile mama alimtoa chumbani, eti ana neno la kumwachia na hawezi kulisema mbele yake. Amemuuguza miaka sita, na neno hilo hajalisikia hadi leo. Akaniuliza mama alisema nini. Nikasema atasikia mwenyewe. Ukweli ni kwamba niliiacha kamera ikirekodi, nikatoka nje kupiga simu.

Jioni nikaingiza faili kwenye programu ya kuhariri. Imegoma. Haitambui faili. Nimejaribu mara tisa. Haitambui.

Jumanne, 5 Machi
Kosa nimelijua. Kamera yangu hujaza kadi folda ndani ya folda, na vifaili vidogo vidogo kama chawa. Mimi ni mtu wa usafi. Nilihamisha mafaili makubwa tu, nikayapa majina mazuri, vidogo nikafuta, kadi nikaifuta yote.

Nikaenda kwa mpinzani wangu ng'ambo ya barabara, ninayemwita Bwana Flashi. Nikamwambia rafiki yangu mmoja amepatwa na hivi na hivi. Akasema vile vidogo ndivyo vinavyoieleza programu vile vikubwa ni nini, kwamba kadi hunakiliwa nzima kama ilivyo, na kwamba huyo rafiki yangu ni bwege. Nikasema nitamfikishia. Akasema nimsalimie sana, na nimnunulie kioo.

Nimerudi. Faili bado halifunguki, ila sasa limetoa kipicha pembeni: kiti kando ya dirisha, kitupu. Ajabu. Mama yule hakuinuka kitini hata mara moja.

Jumatano, 6 Machi
Nimebadilisha herufi za mwisho za jina la faili. Wapi! Nimelipitisha kwenye programu ya kugeuza aina ya faili, likafika asilimia tisini na nane, likakwama. Kwenye kipicha sasa kuna mkono umeshika kiti. Mke wangu akapita na ndoo, akauliza ni nani anakohoa. Spika hazijachomekwa. Nikasema ni mimi.

Kwa hiyo mpango mpya. Mama mkwe ana umri uleule wa marehemu. Nitampiga video akitazama dirishani, uso usionekane, sauti ya chini. Nani atajua? Nikampigia simu. Akasema kesho ana kliniki, na hata asingekuwa nayo, afadhali ang'olewe meno yote kuliko kukaa mbele ya kamera yangu. Akakata.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe amekuja! Saa nane kamili, peke yake, na gauni la kijani kama la marehemu siku ile. Sikumbuki kumtajia rangi. Hakunisalimia, hakunisema, hakuuliza binti yake aliona nini kwangu. Nimeichukulia kuwa heshima, hatimaye.

Akakaa, akatazama dirishani. Nikamsomea maneno niliyoyatunga: mwanangu nakupenda, elewana na ndugu zako, kula vizuri. Akayarudia polepole. Chumba kilikuwa na baridi hadi vidole vikafa ganzi. Nilipomaliza kuzima kamera, nikageuka, hayupo. Mlango ule hupiga kelele siku zote. Leo sikuusikia.

Faili limeingia mara moja.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeanza kuhariri. Dakika ya tatu mama mkwe anageuka kutoka dirishani. Sikumwambia ageuke. Uso si wake. Ni wa mama wa mshonaji. Ananitazama na kusema nimwambie mwanawe aingie.

Nimekikata kipande hicho. Kimerudi. Nimekikata tena. Kimerudi. Mwishowe nimekifunika kwa picha ya maua. Kazi safi.

Jumamosi, 9 Machi
Saa nne asubuhi, sebuleni kwa mshonaji, yeye na kaka zake watatu. Maua yakatokea, kisha yakafifia yenyewe. Mama akageuka. Akamwita mwanawe kwa jina la utotoni, ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Akasema alimtoa chumbani kwa kuwa mbele yake angelia. Akasema miaka sita amenyanyuliwa, ameogeshwa, amelishwa, na kila siku alitaka kusema asante akaona haya. Akasema asante. Mshonaji akaweka kiganja kwenye skrini na kulia bila sauti.

Kisha mama akatazama pale nilipokaa, akasema yule wa kamera alitoka nje, alimwona. Wote wakanigeukia. Nikasema hapo sauti ina hitilafu.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe amekuja kula. Nikamshukuru kwa ya Alhamisi. Akasema Alhamisi alishinda kliniki, na binti yake alikuwa naye kwenye benchi hadi saa kumi. Mke wangu akaitikia.

Nimefikiri dakika kumi nzima. Mtu mwingine angeogopa, akaacha. Mimi nimepaka rangi kibao kipya: TUNAREKODI NA WALIOTANGULIA. Hawachelewi, hawasemi mtu, hawalalamikii mwanga! Bwana Flashi ameshakuja kuulizia habari ya marehemu kaka yake, kwa adabu kabisa. Nimemwambia arudi kesho saa mbili asubuhi.

Sasa hivi nimeingia studio kupanga kiti. Kuna mtu ameshakikalia. Mwanamume, anatazama dirishani, na shati kama hili nililovaa, hadi ule mshono wa begani. Nimemwambia, bila kumsogelea, kwamba hapa watu huingia kwa zamu. Hakugeuka. Nikamuuliza jina nimwandike. Ametaja langu.

Majina hufanana. Nimemwandika wa kwanza.