Antena Yangu na Korido ya Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tatu koridoni. Nimechoka mpaka nywele. Antena yangu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, inarusha mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita chache hadi antena ya pili, mwisho wa korido. Mawimbi haya yana deko: ukuta hayapiti, mtu akikatiza yanakufa. Kila nikikaribia kushangilia, ishara inaporomoka. Profesa ametangaza kuwa Ijumaa atachagua antena moja, yangu au ya Mpole, mwenzangu wa chumba cha jirani, anayetabasamu hata akitukanwa. Atakayeshindwa atarudi kusahihisha mazoezi ya mwaka wa kwanza. Nimesahihisha miaka sita. Siwezi tena!

Jumanne, 4 Machi
Nimemgundua mhujumu. Mpole amekatiza koridoni mara kumi na moja, kikombe cha chai mkononi, kila mara akiuliza naendeleaje. Unafiki mtupu. Nikabandika tangazo: SAKAFU IMELOWA, USIPITE. Hakupita hata nzi. Ishara ikaporomoka vilevile. Mama wa usafi akaja juu, akauliza nani kadeki sakafu yake bila kumwambia. Nikasema mimi. Akafurahi sana, akanipa ndoo nimalizie ghorofa nzima.

Jumatano, 5 Machi
Mgongo hauinuki. Nimetoa foili ya kufunikia chakula jikoni kwetu, nikaibandika ukutani ili mawimbi yagonge na kunirudia. Mke wangu kapiga simu kuuliza foili imekwenda wapi. Nikajitia sisikii, mtandao mbaya. Foili ikafanya kazi! Mawimbi ya Mpole yakatoka mlangoni kwake, yakaigonga, yakapiga kona na kufika mahali hayajawahi kufika. Kaja kunishukuru, machozi yanamlengalenga.

Alhamisi, 6 Machi
Mama wa usafi kaegemea fagio lake, kaniambia, "Mwanangu, hizo namba za kwenye skrini zinashuka kila ukiinuka kwenda kuzitazama." Nikamweleza kwa heshima kwamba sayansi si rahisi hivyo. Alipoondoka nikajaribu. Nikasimama katikati ya korido: zikashuka. Nikajibanza ukutani: zikapanda. Wiki tatu nimekuwa napima kitambi changu. Nikakaa sakafuni. Sikuwa na nguvu hata za kujikasirikia.

Ijumaa, 7 Machi
Nikamwambia Profesa kuwa tangu mwanzo nilikusudia kuchunguza jinsi mwili wa binadamu unavyozuia mawimbi. Akauliza nimepima watu wangapi. Mmoja. Akauliza nani. Nikakohoa.

Kachagua antena ya Mpole. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Hapo Mpole akaniombea: nisirudishwe kwenye mazoezi, anahitaji mtu wa kusimama koridoni ili yeye apime mawimbi yanavyomzunguka mtu huyo. Profesa akakubali. Nimeponea chupuchupu.

Mwingine angeshukuru. Mimi nimeshapanga. Kuanzia Jumatatu natakiwa kusimama wima kama mlingoti, dakika arobaini kila kipimo. Kila Mpole akigeuza macho, nitasogea unene wa kidole tu. Antena yake itaonekana mbovu, na Profesa hatakuwa na budi kuniita mimi niirekebishe. Safari hii sioni pa kuharibikia.