Kaimu Mkuu wa Kaya

Wananchi wote wa Kijiji cha Ujamaa cha Mwanzo Mwema, upande wa Mungaa, walitangaziwa mwaka 1975 kwamba shida za akina mama walioachwa na watoto zimekwisha. Imeundwa Kamati ya Kudumu ya Kaya Pungufu. Kila mama aliyeachwa atapata debe moja la mahindi ya njano kwa mwezi, mradi ajaze fomu. Makofi yalipigwa dakika tatu, kama ajenda ilivyoelekeza.

Fomu ilibuniwa na katibu wa kijiji, Naftali, ambaye aliipenda kuliko mtoto wake wa mwisho. Wa kwanza kuijaza alikuwa Dorika. Mumewe, Alute, alikwenda Rungwa kurina asali, akaoa huko huko. Dorika alibaki na watoto wanne na ghala tupu, na ilikuwa siku ya tatu wanakula mlenda bila ugali.

"Shikamoo, Bwana Katibu."

"Marahaba. Fomu umeijaza vizuri. Inakosa sahihi ya mume."

"Mume si ameniacha?"

"Ndiyo. Aje athibitishe kwa maandishi kwamba hayupo."

"Akija si atakuwa yupo?"

"Akiwa yupo, mama, huna haki ya debe. Serikali haichezewi."

Dorika alirudi Jumatano, akarudi Ijumaa. Mara hiyo alikuja na watoto wote wanne, akawakalisha kwenye benchi la ofisi, wakamtazama Katibu akinywa chai. Naftali hakuwa mtu mbaya; aliwaonea huruma mpaka chai akaiacha nusu. Mchana huo huo kamati ilikaa, yaani Naftali na muhuri, ikaamua kwamba kaya isiyo na baba ipewe kaimu. Kaimu ndiye atakayepokea debe, na nusu yake itabaki kwake kwa ajili ya uendeshaji. Mzigo huo mzito Katibu alijitwisha mwenyewe. Akaandika katika daftari: kaya nambari thelathini na mbili, Mkuu, Naftali.

Dorika alipokea nusu debe kwa mikono miwili, akaenda nyuma ya ofisi akalia kwa hasira. Huko ndiko Anastazia, mke wa Katibu, akitoka kisimani, alikomkuta. Akatua ndoo. Waliongea Kinyaturu, tena kwa kirefu.

Jumatatu Anastazia alipanga foleni na watoto wake sita, Dorika nyuma yake.

"Shikamoo, Bwana Katibu. Mume wangu amehamia kaya ya thelathini na mbili. Naomba fomu."

"Mama Yohana, umerukwa na akili?"

"Kanuni umeiandika mwenyewe: hakuna mtu kuongoza kaya mbili. Jina lako liko kwa Dorika, basi mimi nimeachwa." Kisha akainama, akanong'ona. "Ni debe zima, Baba Yohana, na litaingia nyumbani kwako. Sahihi ya mume si tatizo. Yupo hapa, tena ana kalamu."

Naftali akapiga hesabu: debe zima, na nusu ya kule. Akathibitisha kwa maandishi kwamba hayupo, akagonga muhuri. Kaya nambari moja: Mkuu, Anastazia.

"Kumbe mwanamke anaweza kuwa mkuu wa kaya!" alisema Dorika, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Mimi kaimu wa nini?"

Foleni ilikuwa na akina mama kumi na mmoja, na wote walitaka kujua. Katibu aliangalia dirisha, akaona ni dogo mno kutorokea. Akakata jina lake kwenye thelathini na mbili, akaandika Dorika, akamrudishia nusu debe yake. Siku hiyo watoto wanne walikula ugali mpaka wakasinzia wameketi.

Jioni Naftali alirudi nyumbani na daftari lake kwapani. Ndani chakula kilinukia. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi, Baba Yohana. Fungua."

"Wa kaya gani?"

Naftali alifunua daftari, akapitisha kidole kuanzia nambari moja mpaka ya mwisho. Kijiji kizima kilikuwemo, isipokuwa yeye.

"Mama Yohana, nina njaa."

"Pole sana, ndugu," Anastazia alijibu kwa upole wa kiofisi. "Kesho asubuhi nenda ukamwone Katibu."